Naomba ushauri: jumuiya imegoma kutoa rambirambi kwa sababu mfiwa anadaiwa michango

Mweka Hazina Kimara

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mweka hazina wa jumuiya moja ya Kikatoliki huku Kimara. Juzi usiku dada mmoja wa jumuiya yetu amefiwa na baba yake, Kasulu. Dada huyu amepanga chumba kimoja, asubuhi anauza chapati na supu, ana watoto wawili na analea peke yake. Taarifa ilipoingia kwenye kundi la wasap watu wakaandika pole, basi. Mwenyekiti akasema utaratibu unajulikana: rambirambi ni ya mwanajumuiya hai, na huyu hajaleta mchango tangu Kwaresima, wala Jumamosi haonekani. Akaniagiza nitume kundini orodha ya wanaodaiwa. Sijaituma.

Mwenyekiti si mtu mbaya. Utaratibu huo tuliupitisha wote, baada ya kuchoshwa na watu wanaokuja wakifiwa tu kisha wanapotea. Lakini Jumapili tunapeana mikono ya amani kanisani, halafu Jumatatu tunamwacha mwenzetu alie na wapangaji wenzake. Nikimpa hela yangu kimyakimya, yeye atasafiri ila jumuiya itabaki vilevile. Nikibisha kundini nitaonekana nagawa watu, maana tayari kuna upande wa wenye nyumba na upande wa wapangaji. Nifanyeje?

Mama Pacha

Milele amina. Kwanza kabisa, nauli ameshapata? Kasulu ni mbali na ana watoto. Hayo ya utaratibu yana siku yake, mazishi hayasubiri kikao. Chukueni watu wawili watatu, changeni leo leo, aondoke.

Dereva wa Gongo la Mboto

Mimi namwelewa mwenyekiti. Jumuiya yetu ilikuwa haina masharti. Ikafika mahali watu walewale wanne ndio wanaotoa, misiba ikaongezeka, wakachoka, na sasa Jumamosi wanasali watu watatu. Paulo aliwaandikia Wathesalonike kwamba asiyetaka kufanya kazi asile. Bila utaratibu upendo unawaumiza wale wenye moyo.

Mzee wa Tabata

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni Mlutheri, mzee wa kanisa, na haya tunayo hata kwetu.

Ndugu dereva umesema kweli, ila soma andiko lako tena: Paulo amesema asiye*taka*. Hajasema asiyeweza. Kabla ya kumhukumu mtu lazima ujue yuko kundi gani, na hilo halijulikani kwa kuangalia daftari.

Dada mweka hazina, kafungue Matendo sura ya 6. Watu husifu sura ya 2, pale waumini wanauza mali na kula pamoja kwa furaha, wanasahau kwamba haikupita muda kukawa na manung'uniko: wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wanasahauliwa kwenye huduma ya kila siku. Mitume hawakusema ni fitina, wala hawakuifunga huduma. Waliwaambia waumini wachague watu saba, na ukiyatazama majina yao, Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao, yote ni ya Kiyunani. Waliopewa kazi ya kugawa walitoka, kwa inavyoonekana, upande ule ule uliokuwa unalalamika. Huo nao ni utaratibu, ila uliwekwa ili aliyesahauliwa afikiwe. Kwenye uongozi wenu, mpangaji yupo hata mmoja?

Na hiyo orodha usiitume, nakuomba. Wakorintho walikutana kwa Meza ya Bwana, wenye chakula wakatangulia kula na kushiba, maskini wakabaki na njaa. Paulo aliwauliza kama wanalidharau kanisa la Mungu na kuwatahayarisha wasio na kitu. Ukisoma hasira yake pale, sura ya 11, utaona jambo hili si dogo.

Katekista Mstaafu

Naongeza kidogo. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki kupitia umoja wao, AMECEA, walipokubaliana mwaka 1976 kuzipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele, nia ilikuwa Kanisa lishuke mtaani, majirani wasali, wasome Neno na wasaidiane. Siku hizi jumuiya nyingi zinatumia nusu ya muda kusoma michango. Inaniuma sana. Nina swali moja: tangu Kwaresima, nani amekwenda kwake kumuuliza kulikoni? Mathayo 18 inasema uende wewe na yeye peke yenu kwanza. Kundi la watu ni hatua ya mbali.

Mweka Hazina Kimara

Wazee wangu shikamooni. Hakuna aliyekwenda.

Jana jioni nilikwenda na akina mama wawili, mmoja ni mwenye nyumba. Tulichanga, leo alfajiri amepanda basi pale stendi ya Magufuli na watoto wake. Kilichomtoa jumuiya si ulevi wala dharau. Zamu yake ya kupokea jumuiya ilikuwa imekaribia, chumba kina kitanda na jiko, watu wangekaa wapi na chai angewapa nini. Aliona aibu. Akaruka Jumamosi moja, ya pili, kisha michango ikalimbikizana na akashindwa kurudi. Yule mama mwenye nyumba alinyamaza kitambo, halafu akasema zamu ile angeifanyia barazani kwake kama angejua.

Nimempigia mwenyekiti, sisi wawili tu. Hakukasirika. Amesema niandike pendekezo, Jumamosi tulijadili. Mzee wa Tabata, niliandikeje lisionekane la kumsuta?

Dereva wa Gongo la Mboto

Hapo kwenye zamu umenigusa. Kwetu pia wapo, ninawajua.

Mzee wa Tabata

Marahaba. Usimtaje yule dada wala mwenyekiti. Weka mambo matatu. Asiyeonekana Jumamosi tatu mfululizo atembelewe na watu wawili kabla jina lake halijasomwa popote. Kupokea jumuiya nyumbani kuwe hiari, na asiye na nafasi asalishe kwa jirani, chai isiwe lazima. Rambirambi kamili ibaki na masharti yenu, ila nauli na chakula cha siku za mwanzo mfiwa yeyote wa jumuiya apewe bila kuangalia daftari. Kiasi pangeni wenyewe kulingana na mfuko. Na muombe yule mama mwenye nyumba ndiye alisome, si wewe.