Washairi wa Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1700 walikuwa wanaishi kwa hela gani?

Mwanambuyuni:
Wakuu habari za jioni. Natunga mashairi, diwani iko tayari ila hela ya kuchapa sina na wachapishaji wananizungusha tu. Sasa kuna mtu hapa Moshi kaniambia Alexander Pope wa Uingereza alitajirika kwa mashairi bila kulelewa na mfalme. Ni kweli? Maana najua enzi zile mshairi anamsifia mkubwa ndo anakula.

Njiro Juu:
Kweli kabisa mkuu. Pope alikuwa Mkatoliki, na sheria za kwao wakati ule zilimfungia Mkatoliki chuo kikuu na vyeo vya serikali, halafu uti wa mgongo umepinda tangu utotoni, kwa hiyo ilibaki kalamu. Alipotaka kutafsiri Iliad, utenzi wa kale wa Mgiriki Homer, akawaomba watu walipie kabla kitabu hakijatoka, gini moja (sarafu ya kwao, kama pauni moja hivi) kila juzuu, juzuu 6, zikatoka kati ya 1715 na 1720. Ni kama kadi za mchango wa harusi, ila huku majina ya waliochangia yakachapwa ndani ya kitabu chenyewe, wako 575! Na mchapishaji, Lintot, akamlipa gini 200 kila juzuu na pia akampa nakala za kuwapa hao waliolipia. Alipata kama pauni 5,000, hela nyingi mno enzi hizo, 1719 akahamia Twickenham kando ya mto Thames akajenga na kulima bustani.

Mama Tengeru:
Mwanangu niongeze kidogo. Wengi waliochangia walikuwa hao hao mabwana wakubwa, ila badala ya mmoja kukushika shingo wako mamia, mmoja akinuna kazi inaendelea. Hapo ndo uhuru wake ulipotoka. Voltaire, mwandishi wa Ufaransa, naye baada ya kufungwa Bastille, gereza la Paris, alienda Uingereza 1726, na 1728 akachapisha utenzi wake La Henriade London kwa michango vilevile. Mwaka huohuo wa 1728 ndo wa Utendi wa Tambuka kwetu pwani, Mwengo wa Athumani kautunga kwa ajili ya sultani wa Pate. Na huko huko Uingereza njia ya ikulu haikufa, Stephen Duck alikuwa kibarua wa kupura nafaka Wiltshire, 1730 Malkia Caroline akampa pauni 30 kwa mwaka na nyumba.

Mwanambuyuni:
Asante sana mama, shikamoo. Ila Pope si alikuwa ameshajulikana wakati anaomba?

Njiro Juu:
Ndio, Essay on Criticism ilitoka 1711 na Rape of the Lock 1712, watu walishamsoma. Wewe toa kwanza shairi moja refu kwenye kijitabu, lisomwe, michango ya diwani ifuate.

Mwanambuyuni:
Sawa mkuu, ninalo la beti 60. Kuna anayejua Moshi mjini au Arusha wapi wanachapa nakala chache bila kukulazimisha elfu nzima?