Mama sukari imesoma 14.2, kliniki ni mpaka Jumatatu, tufanyeje?

binti_wa_nyumbani:
Habari zenu wakuu, naombeni msaada. Mama ana miaka 52, siku za karibuni analalamika kiu haiishi, usiku anaamka kukojoa kila mara na macho yana ukungu, sisi tukajua ni uchovu wa shamba. Leo jioni nimempeleka duka la dawa wakamtoboa kidole ikasoma 14.2 (mmol/L), ila alikuwa ametoka kula ndizi mbivu na chai. Dada wa dukani akasema sukari ipo juu nendeni hospitali, basi. Leo Ijumaa na kliniki ya sukari kwetu ni Jumatatu. Jirani ana vidonge vyake vya kushusha sukari, glibenklamaidi, anataka ampe mama nusu nusu, na mama mwenyewe kagoma kula anasema akila sukari itamuua. Nifanyeje hizi siku mbili?

mzee_wa_dona:
Pole mdogo wangu. Hivyo vidonge mrudishie jirani leo leo, na shukrani juu. Dawa hiyo inalisukuma kongosho litoe insulini hata kama mtu hajala, sasa mama kagoma kula afu anywe hiyo, usiku sukari inashuka chini ya 4, jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, nyie mmelala. Mimi ninayo sukari miaka sasa, nakwambia kushuka kunatisha kuliko hiyo 14 yake. Ale jamani, kidogo kidogo, na maji anywe ya kutosha maana anayapoteza kwa mkojo.

tabibu_wa_zamu:
Swali moja, alinawa mikono kabla ya kutobolewa? Ndizi ikibaki kidoleni mashine inasoma sukari ya ndizi. Kesho asubuhi anawe kwa sabuni akauke vizuri, awe hajala kitu masaa 8 hivi (maji ruksa) apimwe tena. Asubuhi bila kula ikiwa 7 kupanda, au saa yoyote 11.1 kupanda na dalili kama hizo za kiu na mkojo, hapo ni kisukari karibu na hakika, hospitali watathibitisha kwa damu ya mshipani. Kuna na kipimo cha HbA1c, kinaonyesha wastani wa miezi kama 3, 6.5% kwenda juu ni kisukari, ila kama ana sikoseli au damu imepungua sana waambieni, kinaweza kudanganya.
Na msikilize vizuri: akianza kutapika, tumbo kuuma, kupumua haraka kwa kina, pumzi kunukia kama matunda, kusinzia ovyo, au mashine iandike HI badala ya namba (yaani sukari imepita uwezo wake wa kusoma), hakuna cha Jumatatu, mkimbizeni usiku huo huo.

chota_busara:
Hospitali mtaishia kununua dawa maisha. Mchemshie mlonge na mdalasini, mjomba wangu alipona kabisa

mzee_wa_dona:
@chota_busara mjomba alipimwa lini mara ya mwisho? Mlonge ni mboga nzuri ale na ugali, ila kumwachisha mtu hospitali kwa ajili ya majani ndo tunavyozika watu na wengine kukatwa miguu.

binti_wa_nyumbani:
Wakuu asanteni. Asubuhi hii kanawa, hajala, imesoma 11.8. Hatapiki, anaongea vizuri, kala mchicha na dagaa. Anauliza chai atie asali badala ya sukari, na ugali wa dona si unaruhusiwa?

tabibu_wa_zamu:
11.8 bila kula na dalili zote hizo, msisubiri kliniki, nendeni leo mapokezi ya kawaida, kliniki ni ya kuendelea nayo. Ombeni wapime na ketoni kwenye mkojo (tindikali ya mwili kuchoma mafuta ukikosa insulini), na figo kabla ya kuanzishiwa metiformini, kidonge cha kisukari. Bebeni dawa zote anazotumia, za presha, hata za kienyeji, na kama alichomwa sindano za steroidi za viungo karibuni semeni, zile zinapandisha sukari.
Asali ni sukari tu mama asijidanganye. Dona ni afadhali kuliko sembe ila bado ni wanga, tatizo letu ni ule mlima wa ugali na mboga kijiko kimoja. Nusu sahani iwe mboga za majani, robo ugali au wali, robo maharage au samaki. Soda na juisi aache kabisa hata ile ya miwa ya stendi.

binti_wa_nyumbani:
Tunatoka sasa hivi, namba zote nimeziandika pamoja na saa alizokula.