Mimba ya wiki 18 na kazi ya kubeba katoni zamu nzima: mpaka ni kilo ngapi?

Kijacho_Ghalani

Habari zenu wakuu. Mimba ni ya kwanza, wiki 18, na kliniki wanasema kila kitu kiko sawa. Kazi yenyewe ni ya ghalani: kutoa katoni za kilo 12 kwenye paleti na kuzipanga kwenye rafu, kama 200 hivi kwa zamu ya saa 8, kusimama mwanzo mwisho. Nyingine zinaokotwa karibu na sakafu, nyingine zinapandishwa juu ya kichwa. Naomba mnijibu kwa vipimo. "Usibebe vizito" nimeshaambiwa na kila mtu, lakini hakuna anayesema kizito kinaanzia kilo ngapi.

Usalama_Kazini

Dada, umeuliza inavyotakiwa. Vipimo vilivyo wazi zaidi ni vya NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, na vinahusu mimba isiyo na matatizo. Kilo peke yake haitoshi, lazima uitazame pamoja na idadi ya kunyanyua.

Kama unanyanyua mara moja moja, yaani hata mara 1 kwa kila dakika 5 haifiki, mpaka ni kilo 16 kabla ya wiki 20 na kilo 12 kuanzia hapo. Kunyanyua kwa mfululizo kusikozidi saa 1 kwa siku: kilo 14, kisha 10. Mfululizo wa zaidi ya saa 1 kwa siku: kilo 8, kisha 6.

Sasa piga hesabu yako. Katoni 200 kwa saa 8 ni 25 kwa saa, karibu moja kila dakika mbili na nusu. Wewe uko kundi la mwisho. Kilo 12 zimeshapita mpaka wako wa leo, na baada ya wiki mbili zitakuwa mara mbili ya unachotakiwa kubeba. Na hizo kilo ni za mzigo ulioukumbatia karibu na mwili. Kuokota kitu kilicho chini ya nusu ya muundi au kukipandisha juu ya kichwa hakupendekezwi kabisa, hata kiwe chepesi.

Umbali ndio unaosahauliwa na wengi. Kwenye hesabu ya NIOSH ya kunyanyua, mikono ikiwa sentimita 25 mbele ya vifundo vya miguu, uzito haupunguzwi. Ikifika sentimita 50, uzito unakatwa nusu. Sasa fikiria katoni ya safu ya chini, upande wa mbali wa paleti: unainama, tumbo linakuzuia kusogea, mikono inanyooka yote, na mgongo wa chini unabeba katoni pamoja na kiwiliwili chako. Tumbo likikua, hata katoni ya karibu inasukumwa mbele. Kwa hiyo katoni ile ile ya kilo 12 inazidi kuwa nzito kwa mgongo kila mwezi, ingawa mizani haijabadilika.

Vinavyosaidia: zunguka paleti uchukue upande wa karibu, usijinyooshe juu yake. Mwenye foklifti aweke paleti tupu mbili au tatu chini ya ile yenye mzigo, safu ya chini ipande hadi usawa wa goti, mradi safu ya juu isipite kifua chako. Rafu za juu apange mwingine. Toroli isukumwe, isivutwe, na mpini uwe kati ya kiuno na kifua. Kuna wanaopasua katoni wabebe nusu nusu. Uzito unapungua kweli, lakini safari zinakuwa 400, na kuinama nako 400. Kwa idadi kama yako sioni kama ni suluhisho.

Mkunga_Zamu

Naongezea upande wa mwili. Homoni za mimba zinalegeza kano za nyonga na mgongo, ndiyo maana unaweza kuteguka kwa mzigo uliokuwa unaubeba bila shida. Damu mwilini inaongezeka kwa karibu nusu, moyo unapiga haraka zaidi hata ukiwa umekaa, kwa hiyo pumzi kukatika mapema si uvivu.

Kusimama palepale ni kubaya kuliko kutembea. Ukitembea, misuli ya ndama za miguu inasukuma damu irudi juu. Ukisimama tu, damu inatuama, miguu inavimba na kizunguzungu kinakuja. Weka kibao cha sentimita 10 hadi 15 upumzishe mguu mmoja mmoja kwa zamu, na kila saa mbili kaa dakika 10 hadi 15 miguu ikiwa juu. Soksi za kubana zivaliwe asubuhi kabla hujatoka kitandani. Ukizivaa mguu umeshavimba, zinabana uvimbe tu. Mkanda wa ujauzito unapita chini ya tumbo na kuzunguka nyonga. Ule mkanda mpana wa wabeba mizigo usiuvae, unakandamiza tumbo.

Maji: kwenye joto, kikombe kimoja kila dakika 15 hadi 20. Najua wengi wanajinyima maji ili wasiombe ruhusa ya choo kila mara. Mama kijacho, tafadhali usifanye hivyo. Upungufu wa maji unafanya tumbo likaze, na mkojo uliobanwa unakaribisha maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo nayo yanaweza kuanzisha uchungu kabla ya wakati.

Acha kazi hapo hapo uende hospitali ukiona damu au maji ukeni, tumbo linakaza kwa mpangilio kabla ya wiki 37 na halitulii hata ukilala na kunywa maji, kichwa kinauma sana au macho yanaona ukungu, uso umevimba ghafla, ndama moja imevimba na inauma, au mtoto amepunguza kucheza. Ukianguka au tumbo likagongwa baada ya wiki 20, nenda hata kama huoni damu, kwa sababu kondo la nyuma linaweza kubanduka na damu ikabaki ndani. Kama kundi lako la damu ni hasi, waambie mapema: sindano ya anti-D, inayozuia mwili wako usitengeneze kinga dhidi ya damu ya mtoto, inatakiwa ndani ya saa 72.

Mwakilishi_Wafanyakazi

Mimi nasisitiza barua ya daktari, maana wengi wanaharibu hapo. Barua ikisema "apewe kazi nyepesi", mwajiri anaitafsiri anavyotaka, na mara nyingi anakwambia nyepesi haipo, nenda nyumbani bila malipo. Mwombe daktari aandike kwamba unaweza kuendelea na kazi, kisha vizuizi kwa namba: usinyanyue zaidi ya kilo 6 kwa mfululizo, usiokote chini ya goti, usipandishe juu ya bega, usipande ngazi, dakika 10 za kukaa kila saa mbili, maji na choo wakati wowote, na tarehe ya kupitia upya. Msimamizi apewe nakala, nyingine ubaki nayo ikiwa na tarehe aliyopokea.

Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unasema mjamzito asilazimishwe kazi iliyothibitika kumdhuru yeye au mtoto. Pendekezo namba 191 linaloambatana nao linataja kubeba, kusukuma na kuvuta mizigo, na linataka hatari iondolewe, au kazi irekebishwe, au uhamishwe bila kupunguziwa mshahara, au upewe likizo yenye malipo. Sheria ya nchi yako ndiyo itakayokubana au kukulinda, kwa hiyo isome kabla ya kikao.

Kijacho_Ghalani

Nawashukuru sana. Kuna nafasi kwenye meza ya kubandika lebo, naweza kukaa. Ila hapo wanafuta gundi kwa thina siku nzima. Barakoa itatosha?

Usalama_Kazini

Haitoshi, dada. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali inazuia vumbi na mate. Mvuke wa thina unapita. Glavu nyembamba za mpira nazo zinapenyeka. Thina nyingi zina kemikali ya toluini, inayoshukiwa kumdhuru mtoto tumboni. Omba karatasi ya usalama ya hiyo kemikali, fungua sehemu ya 2, utafute alama H360 (inaweza kudhuru uzazi au mtoto tumboni) au H361 (inashukiwa kudhuru hivyo). Ukiikuta mojawapo, usikae meza hiyo mpaka kazi ya kufuta gundi ihamishiwe chumba kingine.