Wauza laptopu mpya za bei chee acheni kutudanganya eti "RAM utaongeza baadae"

Wakuu salama? Nina hasira tangu jumamosi, naandika hapa ili mwingine asipigwe kama nilivyopigwa mimi, maana najua kipindi hiki wazazi na kaka na dada wengi wanatafutia wadogo zao laptopu za chuo na hela yenyewe ni ya kuungaunga.

Iko hivi. Mdogo wangu kaanza diploma ya ujenzi na wameshaambiwa AutoCAD, programu ya kuchorea ramani, wanaanza nayo mwaka huu huu wa kwanza. Mama akavunja hela yake ya kikoba laki 3, mimi nikajazia laki na themanini, jumla 480,000. Nikaingia Kariakoo asubuhi na mapema nikazunguka maduka kama manne. Moja kijana akaniambia kaka achana na mitumba ya watu, chukua hii mpya ya boksi, waranti mwaka mzima, RAM (memori ya kufanyia kazi programu zikiwa wazi) ni GB 4 lakini baadae ukipata hela unaongeza mpaka 16, na hiyo storeji ya kuhifadhia mafaili ya GB 64 unaitoa unaweka SSD (storeji ya kasi ya kuchomeka) yoyote unayotaka. Nikamuuliza mara mbili, una uhakika inaongezeka? Akaniambia kaka mimi hizi nauza kila siku. Nikalipa.

Wiki ya kwanza tu dogo ananipigia, kaka hii mashine inaganda. Ukifungua Chrome na Word kwa pamoja unasubiri mpaka unachoka. Ukiangalia diski, ile 64 inasoma 58, Windows na makorokoro yake yameshakula zaidi ya nusu, apdeti ikija inakwambia nafasi haitoshi, na AutoCAD hata haijawekwa bado. AutoCAD za miaka hii zenyewe zinataka RAM GB 8 kwa uchache, sasa 4 unafanyia nini? Nikamwambia usijali mdogo wangu, tutaongeza RAM kama tulivyoambiwa.

Ndo jumamosi tukaenda kwa fundi. Fundi mtu mwenye adabu zake, akatoa skrubu zote za chini, mbili zilikuwa zimefichwa chini ya vile vimpira vya miguu, akafungua mfuniko taratibu na kadi ya plastiki. Akanyamaza. Akanigeuzia mashine akasema bro hebu angalia mwenyewe. Ndani nusu nzima ni betri, na mazabodi kadogo kama kiganja cha mtoto. Akanionyesha kwa ncha ya bisibisi vidude vinne vyeusi vimekaa bapa kwenye bodi, akasema hii ndo RAM yako, imechomelewa, hakuna sloti. Akasogeza bisibisi pembeni kidogo, kuna kingine cheusi, akasema na hii ndo storeji yako, eMMC, nayo imechomelewa. Halafu kilichonimaliza kabisa, kuna sehemu kwenye bodi imechorwa umbo la sloti ya M.2, ile ya kuchomekea SSD, vialama vya kuchomelea vipo vinang'aa, hata tundu la skrubu lipo, ila sloti yenyewe haipo! Yaani bodi ilichorwa iwe nayo, kiwandani hawakuiweka. Dogo alikuwa amesimama pembeni yangu na begi lake mgongoni, hakusema neno.

Kuna kitu kingine ambacho muuzaji anatakiwa akijue kama kweli anauza hizi kila siku. Prosesa (ubongo) ya hii mashine ni Celeron N4020. Kori 2, yaani vichwa viwili tu vya kufanya kazi. Intel wenyewe kwenye maelezo yao ya hiyo prosesa wameandika mwisho wa RAM ni GB 8. Sasa ile 16 niliyoambiwa dukani ilitoka wapi? Hata ingekuwa na sloti isingefika 16 kwa maelezo ya mwenye prosesa. Huo ni uongo umesemwa mbele ya mteja anayehesabu hela za mama yake.

Na hili la kuiita eMMC "SSD" likome, nimeona maduka kibao wanaandika kwenye karatasi SSD 64GB. eMMC ni familia moja na chipu za kwenye simu, inasoma kama MB 250 mpaka 300 kwa sekunde, SSD ya aina ya SATA inafika 550 na ya kasi zaidi, NVMe ya PCIe 3, inagonga mpaka 3,500, na kubwa kuliko spidi ni kwamba SSD ikifa au ikijaa unachomoa unaweka nyingine. eMMC iliyochomelewa ikifa, kwa fundi wa kawaida wa mtaani mashine imeishia hapo. Kuna anayeniambia weka memori kadi. Memori kadi utahifadhia picha na pdf, lakini hali ya Windows kukosa nafasi ya kupumua iko palepale, apdeti zinapiga kelele palepale.

Nikarudi dukani siku hiyo hiyo. Yule kijana akaniambia alimaanisha unaweza kuongeza memori kadi na flashi!! Mimi nilimuuliza RAM, kwa mdomo wangu, mara mbili. Akaja bosi wake akanionyesha muhuri kwenye risiti, mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia sirudishi kwa sababu nimebadili mawazo, narudisha kwa sababu mlichoniuzia sicho mlichonieleza. Akaniambia nipishe wateja. Mimi nimesimama na boksi mkononi naambiwa nipishe wateja, na wateja wenyewe naona wanaonyeshwa mashine ile ile kwa maneno yale yale. Nilimwambia dada mmoja aliyekuwa anaishika, dada hiyo RAM haiongezeki, waulize wakufungulie uone. Wakanitoa nje.

Sasa niwape nilichokuja kukijua baada ya kuumia, kingenisaidia sana kama ningekijua kabla sijalipa. Ukiwa na bajeti ndogo na mtu atakayeitumia ana kazi ya maana, tafuta mtumba wa ofisi wenye prosesa ya jenaresheni ya 8 ya Intel kupanda. ThinkPad T480, EliteBook 840 G5, Latitude 5490, zote hizi zina sloti mbili za RAM ya aina ya DDR4 na SSD yake inachomoka. Prosesa ya i5 ya humo, 8250U au 8350U, ina kori 4, huwezi kabisa kuiweka mizani moja na Celeron ya kori 2. Unanunua na GB 8 leo, mwakani ukipata hela unachomeka kijiti kingine unakuwa na 16. T480 nyingi zina betri mbili, ya nyuma inachomoka bila hata bisibisi. Bei nilizotajiwa siku ile zilikuwa kati ya laki 6 na 7, yaani ningejikaza mwezi mmoja tu, na hapo ndo naumia zaidi.

Lakini muwe makini na herufi jamani. T480s sio T480, ile yenye s RAM moja imechomelewa na sloti ni moja tu. X280 RAM yote imechomelewa, ni ndogo na nzuri kubeba lakini uliyonunua nayo ndo utakayozeeka nayo. Na wale wanaosukumiwa T460 na 840 G3 kwa sababu ni rahisi, hizo ni jenaresheni ya 6, Windows 11 haizitambui rasmi, na Windows 10 Microsoft walishaiachia mkono tarehe 14 Oktoba 2025. Halafu T460 inatumia RAM ya DDR3L, ukinunua kijiti cha DDR4 hakiingii, pengo limekaa sehemu tofauti, usije ukalazimisha ukavunja sloti.

Na kabla hujatoa hela, mashine ikiwa imewashwa bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya Performance, bonyeza Memory, angalia maandishi ya chini. Kwa kawaida ikiandika SODIMM ujue ni kijiti kinachomoka, ikiandika Row of chips ujue imechomelewa. Panaonyesha na sloti ziko ngapi. Haifiki dakika moja. Muuzaji akikataa kuwasha mashine eti mpaka ulipe, ondoka, hapo anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Sisemi mashine za GB 4 zisiuzwe. Kuna mtu anataka ya kuandikia barua na kuangalia barua pepe, aambiwe ukweli akubali mwenyewe. Waandike tu kwenye karatasi ya bei, RAM haiongezeki, storeji haibadilishiki. Maneno manne matano, wino wa shilingi ngapi? Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja, na kuniambia 16 kwenye mashine isiyo na sloti sijui kama kuna kupotosha kuliko huko.

Boksi ninalo, risiti ya EFD ninayo, na fundi kanipigia picha za bodi ikiwa wazi. Jumatatu naenda Tume ya Ushindani. Aliyewahi kupeleka lalamiko la namna hii aniambie alianzia dirisha gani na alitakiwa kwenda na nini, na kama kuna mwenye T480 au 5490 nzima, kioo kizima na bawaba hazijalegea, anicheki PM tuongee bei, dogo kazi ya kwanza ya kuchora anatakiwa kuikabidhi wiki ijayo na saa hizi anaichora kwa kupanga foleni maabara ya chuo.