Ushauri: Bendi yetu ya metali imeambiwa ilainishe muziki, tukubali?

Fundi wa Rifu (mleta uzi)
Wakuu, naomba ushauri, usingizi umenikimbia. Napiga gitaa hapa Nairobi, tuko bendi ya watu wanne, tunapiga thrashi, yaani metali ya kasi, tangu tukiwa chuo. Kuna prodyuza ametupenda ila ana masharti: mwendo upungue, wimbo usizidi dakika nne, mwimbaji aache kunguruma aimbe, solo ziwe fupi. Yeye atalipia studio na video. Mashabiki wetu si wengi lakini ni wakali, wakisikia tumelainika watatuita wasaliti. Jibu linatakiwa Ijumaa. Ingekuwa ninyi mngefanyaje?

Kaseti ya Baharia
Kijana, usiogope hilo neno. Metallica, bendi ya thrashi ya Marekani, waliitwa wasaliti tangu 1984, kisa albamu yao Ride the Lightning ilikuwa na wimbo mmoja ulioanza na gitaa kavu, polepole. Mwaka 1988 wakatoa ...And Justice for All, nyimbo nyingine zinakaribia dakika kumi na besi ya mpiga besi wao Newsted huisikii hata ukibandika sikio kwenye spika. Ndipo wakamwendea prodyuza Bob Rock, aliyekuwa ametoka kutengeneza albamu ya Mötley Crüe. Mwendo ukashuka, nyimbo zikafupishwa, besi ikarudi, mwimbaji wao Hetfield akaanza kuimba kweli. Albamu hiyo, inayoitwa nyeusi kwa jalada lake, ikatoka Agosti 1991, na kwa Marekani peke yake imepita nakala milioni 16.

Mimi nililetewa na kaka yangu, alikuwa baharia. Alishuka Mombasa na kaseti mbili, ile nyeusi na ya zamani. Jirani akaja kugonga, akidhani redio yetu imekufa spika. Ya zamani ndiyo ya moyo wangu, lakini ile nyeusi ndiyo mke wangu anaweza kuiimba.

Mama Neema
Mwanangu, kabla ya prodyuza, jiulize mnaimba nini. Makaburi, damu, vita, kila wimbo kifo. Maneno huingia nyumbani. Pengine huu ni mlango Mungu amekufungulia. Imbeni kitu mtoto anaweza kukisikiliza.

Kidumbaki
Mnahangaika na Wamarekani na mambo haya tumeyapitia hapa. Taarabu asilia ilikuwa ya kukaa kwenye kiti, unasikiliza fidla na kanuni, ile ala ya nyuzi, shairi linakuja kwa mafumbo, ukiguswa unainuka kutunza. Miaka ya 90 wakaja East African Melody na TOT (Tanzania One Theatre), kinanda cha umeme kikashika usukani, mafumbo yakawa mipasho, watu wakaacha viti wakaingia kati kucheza. Wazee Unguja walilalamika sana. Lakini klabu za asilia hazikufa, na Khadija Kopa ametoka huko huko kwenye asilia, akatamba kwenye mpya. Kwa hiyo mleta mada, pigeni vyote viwili.

Solo Ndefu
Mzee Kaseti umesimulia upande wa waliofaulu tu. Megadeth, bendi nyingine ya thrashi, nao walianza vizuri: albamu yao Countdown to Extinction ya 1992 ilifika namba 2 Marekani, nyepesi kuliko za nyuma lakini bado ni wao. Wakaendelea kulainisha hadi 1999 wakatoa Risk, wameirekodi Nashville na prodyuza Dann Huff. Ngoma zenye vionjo vya mashine, viitikio vya redio. Wa zamani wakaikataa, wapya hawakuja. Mwaka uliofuata mpiga gitaa Marty Friedman akaondoka, na mwaka 2001 kiongozi wao Mustaine akawa ameshaanza kurudi kwenye uzito. Slayer, nao wa thrashi, albamu yao Reign in Blood ya 1986 haifiki hata nusu saa, hawakumlainishia mtu, na watu bado wanainunua.

Swali langu kwa mleta uzi: mpiga ngoma anasemaje? Thrashi ni miguu yake. Ukipunguza mwendo, yeye ndiye wa kwanza kuguswa.

Fundi wa Rifu
Asanteni wakuu. Sisi watatu tumeshakaa, tunaona mwendo wa polepole una uzito wake. Ninachouliza ni namna ya kuwaambia mashabiki.

Mtaa wa Saba
Hii ni chai, tena ya maziwa. Juu umesema bendi ya watu wanne, sasa ni "sisi watatu". Na nani Nairobi anatoa hela kwa bendi ya metali? Leta wimbo tusikie.

Solo Ndefu
Ya hela sijui, ila metali Nairobi ipo. Bendi ya Duma ilitokea huko, albamu yao ikatolewa 2020 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na hawakulainisha chochote, waliongeza ukali mpaka wakaitwa Ulaya. Lakini la hesabu hata mimi nimeliona. Wa nne yuko wapi?

Kidumbaki
Mimi naona kaazima kisa mahali. Kama ni chai mods wafunge uzi, watu wenye shida za kweli wanasubiri.

Fundi wa Rifu
Siyo chai. Wimbo siweki kwa sababu jina la bendi litajulikana na huyo wa nne yumo humu jukwaani. Ni mpiga ngoma wetu, ni kaka wa mke wangu. Prodyuza amepanga ngoma zote kwa kompyuta, wimbo uliokuwa mapigo 200 kwa dakika sasa uko 112. Shemeji hajaambiwa. Na mkataba nimeshausaini, kianzio nimelipa kodi ya nyumba ya miezi iliyolala. Msinihukumu. Nina mtoto, na miaka yote tumecheza kwa nauli tu. Yeye ana kazi bandari kavu, mimi sina. Tungemngoja akubali, tungezeeka.

Mama Neema
Shemeji yako! Na mkeo anajua?

Fundi wa Rifu
Anajua kodi imelipwa.

Kaseti ya Baharia
Basi ile stori yangu ya 1991 haikuhusu. Lars, mpiga ngoma wa Metallica, hakutolewa. Bob Rock aliwaweka wote wanne wapige pamoja studio, wakagombana karibu mwaka mzima, lakini kila mmoja alikuwa ndani ya chumba. Nambari 112 si tatizo. Mpigie leo, na umwambie wewe, si mkeo.

Mtaa wa Saba
Nimeondoa neno chai. Sasa jibu hili: mkataba umesaini kwa jina lako au la bendi? Na masta, yaani rekodi zenyewe za asili, ni za nani?

Fundi wa Rifu
Kwa jina langu. Ya masta iko kurasa za nyuma, sijaielewa vizuri. Jioni nitaipiga picha niiweke, nimefuta majina.

Solo Ndefu
Weka. Ila usipeleke rekodi yoyote kwa prodyuza mpaka tuisome hiyo kurasa, na shemeji awe ameshaisoma kabla yetu.

Kidumbaki
Nimekaa hapa nasubiri jioni.