Mluzi umeisha

*Kikundi: Nyumba ya Bibi, Tanga. Ijumaa usiku*

Mama Nasri: Jamani mko macho? Nasri pumu imembana kifua tangu magharibi. Nimempa pampu ya bluu mara mbili, bado.

Rashidi: Pole shemeji. Ila hizo pampu msimzoeshe, ataganda nazo mpaka uzeeni.

Zuhura: Rashidi, tulia kwanza. Wifi, anaongea? Mwambie akutajie alichosoma leo madrasa.

Mama Nasri: Anasema neno moja, anavuta pumzi, ndiyo lije jingine.

Zuhura: Mvue fulana. Akivuta pumzi mbavu zinaingia ndani?

Mama Nasri: Zinaingia. Na hapa chini ya koo panabonyea.

Zuhura: Hospitali sasa hivi. Saumu, tafuta bajaji. Wifi, mkalishe, usimlaze. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, toboa kitako kwa kisu cha moto, tundu likae sawa na mdomo wa pampu. Bonyeza MOJA, avute na kutoa pumzi mara tano kwenye mdomo wa chupa, ndiyo ubonyeze nyingine. Kwa hali hii hata kumi mpe.

Saumu: Shangazi, bila chupa haifai?

Zuhura: Mtoto hawezi kubonyeza na kuvuta kwa pamoja. Dawa inaishia ulimini.

Mama Nasri: Ule mluzi wa kifuani umeisha, amesinzia. Mama anasema alhamdulillah, tumwache alale.

Zuhura: HAPANA! Mwamsheni! Mluzi ni hewa inayojipenyeza. Mbavu bado zinavutwa na kifua kimenyamaza, maana yake hata hiyo hewa haipiti. Huo si usingizi, amechoka kupumua. Tazama midomo.

Mama Nasri: Kama majivu

Saumu: Bajaji hii hapa mlangoni

Zuhura: Pampu endelea nayo njiani. Mkifika msikae foleni, sema pumu kali.

*00:51*

Mama Nasri: Wamemwekea oksijeni na dawa ya mvuke, wamempa na predinisoloni ya kutuliza uvimbe kifuani. Sasa anadai chai 😭

Rashidi: Alhamdulillah

*Jumamosi*

Zuhura: Wifi, ile pampu ya kahawia iko wapi?

Mama Nasri: Niliiacha tangu Ramadhani. Alikuwa mzima.

Zuhura: Ndiyo kazi yake hiyo, awe mzima. Ya bluu inafungua njia kwa saa chache tu. Ya kahawia inatuliza uvimbe ndani, ni ya kila siku, na akimaliza asukutue mdomo. Ukiona bluu inatakiwa zaidi ya mara mbili kwa wiki, mrudishe kliniki. Na Rashidi, lile boksi la udi wa mbu ulilowapelekea litoke humo ndani, moshi wake unachokoza pumu. Nunua chandarua.

Rashidi: Nimekusikia dada

Bibi: nyie ile chupa mliyotoboa ilikuwa na zamzam yangu