Roboti yetu inachukuliwa na mkondo bila sisi kujua, naomba ushauri

Asalaam aleikum ndugu zangu. Niko Lamu. Mimi na vijana wenzangu tumeunda roboti ndogo ya kupiga picha matumbawe karibu na kisiwa cha Manda Toto. Kamera iko sawa, mota zina nguvu. Shida ni kujua iko wapi.

GPS haifanyi kazi chini ya maji, kwani maji ya chumvi humeza mawimbi ya redio. Tumeweka dira na kihisi cha mwendo, lakini makosa yake hujilimbikiza. Juzi, wakati wa bamvua, mkondo ukiwa na nguvu, tuliizamisha mita 6. Skrini ikaonyesha imetulia palepale, kumbe kamba imeshakazana upande wa pili wa mashua. Nahodha ndiye aliyeiona, si sisi. Kina hakitusumbui, kihisi cha presha kinatosha.

Vifaa vya DVL, vinavyopima mwendo kwa mwangwi kutoka sakafu ya bahari, ni maelfu ya dola. Hatuwezi kabisa. Nafikiria maboya matatu yenye GPS na maikrofoni za majini, roboti ipige mlio, tulinganishe muda mlio unaofika kila boya ili tujue iko wapi. Sauti baharini hukimbia takriban mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo ukikosea milisekunde 1 umekosea mita 1.5. Saa za maboya nitazioanisha kwa GPS yenyewe.

Aliyewahi kujaribu anisaidie: kwenye kina kifupi hivi, mwangwi unaorudi kutoka kwenye matumbawe na usoni mwa maji nitautenganishaje na mlio wenyewe?